Mtani Wangu Ni Nani?

*Somo la kujifunza katika usharika. Soma kwanza Luka 10:25–37, kisha Yohana 19:38–42.*

Mwezi huu twataka kujifunza neno moja lililo karibu sana nasi, tena lenye kuleta ugomvi mara nyingi katika sharika zetu za milimani na za mjini. Neno hilo ni utani. Hatusemi habari za mzaha wa vijana barabarani, wala za wapenzi wa mpira, ambao huziita Simba na Yanga watani wa jadi. Twasema habari za utani wa kwetu Uluguru, ambao mama zetu na baba zetu waliupokea kwa wazee wao, nao huonekana hasa siku ya msiba.

Siku moja tulikwenda kumzika mama mmoja Mkristo katika kijiji cha milimani. Jeneza lilipotolewa nyumbani, watu watatu walijilaza njiani, wakasema halipiti. Mmoja wao alikuwa amejifunga kanga ya marehemu na kushika fimbo yake. Akainuka, akaenda akichechemea kama alivyokuwa akienda yule mama, akawaita wajukuu kwa sauti yake na kuwakaripia kwa kuwa hawajateka maji. Waliokuwapo wakacheka, na huku machozi yanawatoka. Lakini wazee wa usharika, ambao wengine wao ni wageni katika nchi hii, waliona haya. Wakafikiri ya kuwa ibada inachafuliwa, wakawaondoa watu wale kwa nguvu. Mazishi yakaendelea kwa utaratibu, na nyimbo ziliimbwa vizuri.

Jioni yake binti wa marehemu alitwambia neno ambalo hatukuweza kulijibu. Alisema, "Wale mliowafukuza ndio walioamka alfajiri wakachimba kaburi. Mimi sikuweza hata kusimama. Ninyi mmekuja na vitabu vya nyimbo, mkakuta jembe limekwisha kufanya kazi yake. Je, kesho nikifiwa tena, nitamwita nani?"

Swali la binti huyu ndilo somo letu. Kama twasema ya kuwa watani hawafai, yatupasa kujua wao hufanya kazi gani, na nani ataifanya wakiisha kuondoka.

1. Ukoo na utani

Jina la Uluguru latokana na neno lenye maana ya mlima. Waluguru ni watu wa milimani. Wazee husimulia ya kuwa watu wa koo mbalimbali walipanda milima hii kutoka pande nyingi, wakitafuta mahali pa salama, penye mvua na ardhi njema. Kwa hiyo zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo, yaani lukolo, ulikuwa na nchi yake na mkubwa wake, na koo hizo zapata 50. Wako wakuu waliojulikana mbali, kama Kingalu wa Kinole, aliyesifiwa kwa habari za mvua. Jina lake hurithiwa hata leo, na soko kuu la mji wa Morogoro laitwa kwa jina hilo. Lakini hata Kingalu hakuwa mtawala wa milima yote.

Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Shamba la ukoo hulipata kwa upande huo, na mjomba wake ni mtu mkubwa katika mambo yake. Wala baba hasahauliwi, maana mtoto huchukua jina lenye kuonyesha ukoo wa baba yake. Hivyo mtu akitaja asili yake na jina lake, wazee hujua mara moja ametoka wapi kwa pande zote mbili, alime wapi, asioe wapi, na akifa nani apelekewe habari. Huu ndio urithi wetu. Watu wengi wakisikia neno urithi wa wazee, huwaza ngoma, na mavazi, na vyombo vya zamani vya kutazamwa. Lakini ngoma ni sehemu ndogo. Urithi ulio mkubwa ni kujua mimi ni wa nani, na nani ana haki ya kunitazamia wakati wa shida.

Basi ukoo ni kitu chema, lakini una udhaifu mmoja. Siku ya kufiwa, ukoo wote umefiwa pamoja. Mjomba analia, dada analia, na wajukuu wamekaa chini. Nani achimbe kaburi? Nani apike? Nani aseme na wageni? Wazee waliliona jambo hili, nao wakaliwekea dawa. Kila ukoo una koo nyingine zilizo watani wake. Hao hawakufiwa, lakini si wageni. Wanao wajibu wa kuja, tena hawangoji kuitwa mara mbili. Wao hushika jembe, na kazi zote ambazo mikono ya mfiwa imelegea isiweze kuzifanya. Na kwa kuwa wanayo kazi hii nzito, wanayo pia ruhusa ya mzaha, na mwenye kutaniwa hana ruhusa ya kukasirika.

Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Marekani, James Christensen, alitoa makala juu ya utani wa Waluguru, naye aliyataja mambo hayo mawili pamoja, uhuru wa mzaha na wajibu kwa wenzi. Alitazama vema. Mzaha na jembe ni vitu vya mtu mmoja, na anayeviona kwa kimoja tu hajauona utani bado.

2. Utani huwafaa watu jinsi gani

Tukiuangalia kwa makini, twaona faida tatu.

Faida ya kwanza ni msaada wa mikono. Mfiwa hahitaji kutafuta watu, wala kuhesabu fedha za kuwalipa wachimbaji. Msaada una njia yake iliyokwisha kutengenezwa kabla ya msiba kufika.

Faida ya pili ni faraja ya moyo. Mtu aliyefiwa akiachwa peke yake na huzuni, huzuni hiyo yaweza kumvunja. Mtani akiigiza mwendo wa marehemu, humrudisha kidogo machoni pa watu, si kwa uganga, bali kwa kumbukumbu. Mfiwa hucheka, kisha hulia zaidi, na kilio hicho huwa chepesi kuliko kile cha kwanza. Mhubiri ametufundisha ya kuwa kulia kuna wakati wake na kucheka kuna wakati wake. Wazee wetu, ambao hawakusoma kitabu chake, waliona ya kuwa nyakati hizo mbili huweza kukutana katika siku moja.

Faida ya tatu ni ukweli. Liko neno ambalo ndugu hathubutu kulisema, na jirani hulisema kwa siri tu: ya kuwa bibi huyu aliishi na njaa huku watoto wake wanajenga nyumba mjini, ya kuwa ndugu wawili hawa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mtani hulisema mbele ya watu wote kwa mzaha, wala hakuna awezaye kumshtaki. Twakumbuka jinsi nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi kwa hadithi ya mwana-kondoo, hata mfalme akajihukumu mwenyewe. Ukweli uliovikwa mfano huingia mahali ambapo ukweli mtupu hufungiwa mlango.

3. Utani uvukao mpaka

Tena utani haukukaa katika koo za milimani tu. Chini ya milima yetu ilipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wenye ukuta, Simbamwenni, ambao asili yake ni Kisabengo, mtu wa Wazigua. Na mji wa Morogoro wa leo umekua mahali hapo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaleta watu wa kazi kutoka mbali. Watu wa makabila mengi wakakutana, nao wakahitaji njia ya kuishi pamoja. Njia moja waliyoijua ni utani, uliokwisha kuwa desturi kati ya kabila na kabila katika nchi nyingi za Tanganyika. Mtu aliyefika ugenini asipate ndugu, aliweza kumpata mtani.

R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, alifikiri ya kuwa utani wa kabila kwa kabila mara nyingi ulizaliwa katika vita vya zamani. Waliopigana walipatana, na baada ya kupatana wakaachiana mzaha mahali pa mkuki. Jambo hili wazee wa makabila mengi hulisimulia vivyo hivyo.

Sasa tufungue Luka 10. Mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani. Alitaka kuchorewa mpaka, apate kujua nani yumo na nani hayumo. Bwana hakumchorea mpaka. Alimsimulia habari za mtu aliyeachwa njiani nusu ya kufa. Kuhani akapita, Mlawi akapita, nao ni watu wa taifa lake. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa taifa lililochukiana na Wayahudi. Ndiye aliyeshika mikono ya kazi: akafunga majeraha, akamchukua juu ya mnyama wake, akalipa gharama za nyumba ya wageni.

Kama hadithi hii ingalisimuliwa mara ya kwanza Kinole au Mgeta, watu wangalisema, "Huyo alikuwa mtani wake." Adui wa kale aliyegeuka kuwa msaada si neno geni kwetu. Wazee walikwisha kulijua kwa sehemu. Lakini sikilizeni, Bwana alikwenda mbali kuliko wazee. Msamaria na mtu yule hawakuwa na patano lolote. Hakuna mababu waliokwisha kukubaliana kwa ajili yao. Msamaria aliona mtu, akamhurumia, na hapo utani ukaanza.

4. Magugu na ngano

Hatutaki kuficha yaliyo mabaya. Wako watani wanenao matusi ya aibu mbele ya watoto. Wako wanaomdai mfiwa fedha na vitu hata kumwongezea msiba juu ya msiba. Wako wanaokunywa hata wasiweze kulishusha jeneza. Tena mahali pengine katika nchi zetu zimekuwako desturi za kumtakasa mjane ambazo zilimvunjia heshima na kumletea ugonjwa. Mambo haya hayana nafasi nyumbani mwa Kristo, na walimu wa kwanza wa Injili walipoyakataa walifanya vema. Tusiwadharau.

Lakini walipong'oa magugu, pengine waling'oa na ngano. Walimwambia Mkristo, "Usiwe na watani," nao hawakumwambia nani atachimba kaburi la mama yake. Katazo lililotolewa pasipo kuweka kitu mahali pake huacha shimo, na mtu mnyonge ndiye atumbukiaye.

Katika kanisa letu la Kilutheri yuko mtu aliyejitaabisha na jambo hili mapema. Bruno Gutmann, wa misioni ya Leipzig, alifika Uchagani mwaka 1902, akafanya kazi huko mpaka mwaka 1938, isipokuwa miaka aliyozuiwa baada ya vita ya kwanza. Yeye alifundisha ya kuwa ukoo, na ujirani, na urika wa vijana, ni vifungo ambavyo Muumba amewapa watu, na kanisa lisivikate bali livitie nuru ya Injili. Vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo, kila mmoja amwangalie mwenzake, kwa mfano wa desturi ya vijana wa Kichaga. Hata hivyo naye alikuwa na upungufu wake. Alishuku sana elimu ya shule na maisha ya mjini, na Wachaga wenyewe walitaka watoto wao wasome na kwenda mbele. Katika kazi yake twajifunza mambo mawili. La kwanza, urithi wa wazee si adui wa Injili. La pili, urithi hauwezi kufungiwa kama mbuzi kambani. Watu wanaoishi nao ndio wenye kuuchukua na kuupeleka mahali papya.

5. Aliyekosa mtani

Sasa twafika penye kiini cha somo letu. Ukoo humpa mtu mahali pake, lakini nyumba yenye mlango ina walio ndani na walio nje. Katika nchi ambayo mtoto ni wa ukoo wa mama, mtoto aliyezaliwa na mama mgeni hukosa lukolo. Na mjini Morogoro leo wamo watu wa kila mkoa: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984, wafanyakazi wa viwandani, wauza mboga, walinzi wa usiku. Wengi wao hawajui hata jina la mwenye chumba cha pili.

Twamkumbuka mlinzi mmoja aliyefariki katika chumba alichopanga. Majirani walichanga sanda na jeneza, nao watu wanne walilichukua mpaka makaburini. Mchungaji alipouliza jina la mama wa marehemu, hakuna aliyelijua. Mzee mmoja muuza miwa, ambaye si wa kanisa letu, alipita njiani, akauliza marehemu ni mtu wa wapi. Alipoambiwa, akatua mzigo wake, akasema, "Huyo mtani wangu. Nipeni jembe." Akafukia kaburi mpaka mwisho, huku akimlaumu marehemu kwa kufa kabla hajalipa deni la miwa, ingawa hawajaonana kamwe. Tulicheka sote pale makaburini. Ndipo mtu yule akawa amezikwa na mtu wake.

Mzee huyu alitufundisha kuliko hotuba nyingi. Lakini alipita kwa bahati tu. Je, asingalipita?

Tusome Yohana 19. Bwana wetu alipokufa, wanafunzi wake wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, na mama yake alikuwa amechomwa moyo kwa uchungu. Waliofiwa hawakuweza kufanya kazi ya maziko. Aliyekwenda kwa Pilato kuomba mwili ni Yusufu wa Arimathaya, na aliyeleta manukato ni Nikodemo. Hawa si ndugu zake, wala hawakuwa miongoni mwa wale kumi na wawili. Mwana wa Mungu mwenyewe alizikwa na mikono ya watu waliosimama mahali pa watani. Kama Yeye alikubali kuhitaji kazi hiyo, ni nani kati yetu atakayeidharau?

Basi neno letu ni hili: wajibu wa mtani tusiutupe, bali tuuchukue mpaka kwa yule asiye na mtani. Wazee walikwenda nao mpaka ukoo wa pili, na wengine mpaka kabila la pili. Sisi tuliobatizwa katika jina moja tumeamriwa kwenda hata mlango wa mwisho.

6. Mashauri kwa sharika

Kwanza, habari ya msiba ikifika, wazee wa usharika wawaulize wafiwa, "Watani wenu ni akina nani?" Kisha wakutane nao mapema, kwa heshima. Wengi wao watakuwa Wakatoliki au Waislamu, maana Waluguru walio wengi wamo katika dini hizo; mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwako Morogoro tangu mwaka 1882, na Uislamu ulipanda kutoka pwani. Tusiwaamuru kama watoto. Tuwape mahali: kaburi, jeneza, na jioni ya maongezi nyumbani. Wakati wa ibada watatupa nafasi, kama sisi tulivyowapa.

Pili, tuseme wazi yasiyokubalika: matusi ya aibu, ulevi, kumdai mfiwa, na lolote la kumvunjia mjane heshima. Mtani wa kweli hukubali, maana naye anajua ya kuwa alikuja kupunguza mzigo.

Tatu, jumuiya zetu za nyumbani zipangwe mbili mbili. Jumuiya moja ikifiwa, isichimbe wala isipike. Jumuiya ya pili ndiyo ije na majembe na sufuria. Hivyo Mkristo asiye na ukoo hapa atakuwa na watu wake kabla ya kufa, wala hatangoji mpita njia.

Nne, vijana wa kipaimara wanapojifunza amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, wapewe kazi ya kwenda kwa bibi na babu kuuliza: ukoo wa mama ni upi, wa baba ni upi, na watani wetu ni nani. Walio wageni waandike majina ya kijiji chao na ya mama yao, na orodha iwekwe kwa mwinjilisti. Si vema mtu akaribie Meza ya Bwana pamoja nasi miaka mingi, na siku ya kufa kwake tusijue jina la mama yake.

Yule binti wa milimani tulirudi kwake baada ya siku 40. Tulikwenda pamoja na watani wale watatu, na wazee wa usharika waliomba radhi. Yule aliyevaa kanga akawajibu, "Radhi tumeipokea, lakini ninyi waimbaji mwajua kuimba tu; jembe hamlijui." Wazee wakanyamaza kidogo, kisha wakacheka. Hawakukasirika, na hapo tukajua ya kuwa wamekwisha kujifunza.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika usharika wetu, ni nani aliyechimba kaburi la mwisho? Je, alishukuriwa?
2. Ni jambo gani la wazee tuliloliacha pasipo kuweka lingine mahali pake?
3. Msamaria alitenda kazi zipi kwa mikono yake? Zihesabuni.
4. Ni nani katika mtaa wetu ambaye akifa leo hatujui pa kupeleka habari? Nani atakwenda kumtembelea juma hili?

Sala

Bwana Yesu, uliyelazwa katika kaburi la mtu mwingine, twakushukuru kwa mama zetu na baba zetu, na kwa mambo mema waliyotuachia. Utupe macho ya kuyatambua yaliyo mabaya, na mikono ya kuyatenda yaliyo mema. Utufanye watu wa mtu asiye na mtu. Amina.